Rika la Kumi na Tatu

Benchi la Jentrix liko Matisi, pembeni mwa Kitale, pale lami inapokatika na matope yanapoanza, kati ya duka la spea la Thuo na kibanda cha chapa cha Levi Wakhungu. Ni ubao mmoja mrefu wa mkaratusi uliopigiliwa juu ya visiki viwili. Upande mmoja umelegea, na anayekaa hapo akiinuka bila kuaga, wenzake wanakunywa kahawa kwa suruali. Jentrix anauza kahawa yenye tangawizi kutoka kwa birika moja kubwa jeusi, na birika likiisha limeisha; tangu afungue biashara hajawahi kupika la pili siku hiyo hiyo. Jumatano hiyo, saa nne na nusu asubuhi, ubao ulikuwa umebeba wanaume watatu na laptop mbili. Laptop zililetwa na Kibe, mfanyabiashara ambaye duka lake lote ni begi la mgongoni. Alizilaza pale taratibu kama mtu anayelaza mapacha, akasema, “Levi, chagua moja. Nikirudi saa sita, ile utaacha iko na mwenyewe,” kisha akapanda boda akaenda zake mjini.

Levi alizitazama bila kuzigusa. Benchi lilimwita Visa, kwa sababu alikuwa amefika Juba, Goma na Doha, na kote huko alikuwa mlinzi wa mlango wa mtu. Mwenyewe hupenda kusema kwamba ameizunguka dunia akiiangalia kutoka nje ya geti. Alipochoka na mageti alirudi nyumbani, na siku hizi analishwa na misiba ya watu: anaandika na kuchapa programu za mazishi, zile za kurasa nane zenye picha ya marehemu mbele na shukrani za familia nyuma. Kazi yote anaifanyia kwenye kompyuta ya meza aliyoinunua zamani, i7 ya jenereshoni ya nne, ambayo watu wa hapo wanaiita Posho kwa vile inanguruma kama kinu cha mahindi. Lakini Posho ikiambiwa fungua faili la picha sitini, inafungua. Taabu yake ni moja tu. Haitembei.

— Nunua moja tuendelee na maisha, alisema Thuo, ambaye jina lake la benchini ni Spea. — Ama unataka kuaibisha watu tena kama Ndalu?

— Ndalu ilikuwa bahati mbaya.

— Bahati mbaya ni pancha. Ile ilikuwa kitu ingine.

Jentrix aligeuka upande ili asionekane akicheka. Ya mazishi ya kule Ndalu kila mtu aliyajua. Marehemu alikuwa karani wa uchaguzi kwa miaka ishirini, mzee mnene, mpole. Mwanawe alimsomea Levi historia yake kwa simu, na Levi akaandika kama alivyosikia. Nakala mia nne zikafika nyumbani zikisema kwamba marehemu “alisimamia kula kwa haki, hakuwahi kupendelea upande wowote, na hata usiku wa manane hakuondoka mpaka zoezi limalizike.” Levi mwenyewe aliliona kosa asubuhi ya mazishi, akiwa amesimama kando ya jeneza na boksi la programu kichwani. Angefanya nini? Posho ilikuwa Kitale. Msomaji akasoma mpaka mwisho, kwa sauti nzuri, na mjane akajifunika uso kwa leso, na mpaka leo hakuna anayejua kama alikuwa analia.

Ndipo Levi akaamua kununua mashine ya kubebeka, na safari hii hakuwa na nafasi ya kuahirisha. Mama Phelista wa Lugulu, mkunga mstaafu wa hospitali ya misheni, alikuwa anazikwa Jumamosi. Huyo mama alizalisha nusu ya watu wa huko, na Levi mwenyewe alianguka mikononi mwake. Mwanawe, Nyongesa, alipompigia simu Jumatatu hakuzunguka.

“Wewe ndiye yule wa kula?” aliuliza.

“Ni mimi, lakini—”

“Sikia ndugu. Alhamisi ukuje na kompyuta hapa nyumbani. Tunakaa na wazee, tunasoma neno kwa neno, unarekebisha tukiona. Ukikuja na karatasi peke yake, kuna mtu wa Bungoma ako tayari.”

Kwa hivyo Levi alihitaji laptop itakayofanya vile Posho hufanya, mbele ya wazee, bila kuganda. Historia alikuwa ameshaiandika kama Nyongesa alivyomsomea, na picha sitini alikuwa ameshazipanga. Zote zilikuwa kwenye flashi ndogo nyekundu iliyoning'inia pamoja na funguo zake, na asubuhi nzima alikuwa akiigongagonga kwa ubao, tik tik tik, akiwaza.

— Hii kesi ni lahisi, alisema mzee Sifuna, karani mstaafu wa ofisi ya ardhi, ambaye benchi linamwita Jaji kwa kuwa ameamua kesi nyingi kuliko korti, zote bila kuulizwa. — Soma hizo stika.

Levi akasoma. Ile nyeusi, nene, iliyotumika Uingereza, ilikuwa i7 ya jenereshoni ya sita. Ile ya rangi ya fedha, nyembamba, mpya, ilikuwa i3 ya jenereshoni ya kumi na tatu. Kibe alikuwa ameziweka RAM sawasawa, kumi na sita kila moja kama ya Posho, na bei zilikaribiana.

— Umeona? Posho ni saba, hii nyeusi ni saba. Hiyo ingine ni tatu. Mtu wa dalasa la tatu atafanya mtihani wa dalasa la saba?

— Lakini Jaji, hii ya tatu ni ya jenereshoni kumi na tatu. Hii nyeusi ni ya sita tu.

— Na jenereshoni ni nini?

— Ni kizazi.

— Ni rika, bana. Mimi nilitahiriwa nikiwa wa rika la Maina. Wewe?

— Rika la Sawa.

— Haya. Maina akiambia Sawa kaa chini, si anakaa?

— Saa hii nimekaa, Jaji.

— Basi. Rika lilitangulia ndilo kubwa. La sita linakaa kwa kiti, la kumi na tatu linachota maji. Hao ni vijana wa juzi, kidonda hakijakauka. Sasa wewe utapelekea wazee wa Lugulu kijana kama huyo?

Levi alitikisika. Kwa mtu aliyelelewa Bungoma, maneno hayo yalikuwa na uzito wake. Aliiangalia ile nyembamba na kwa kweli ikaonekana kama mtoto aliyekatiza mazungumzo ya wakubwa.

— Hata sisi kwetu tuko na riika, alisema Thuo. Babu yake alitoka Nyeri akanunua shamba Trans-Nzoia, na Thuo bado huongea kama aliyefika jana. — Kwa hiyo ya heshima, Jaji ako sawa. Lakini raptop si mtu. Raptop ni injini.

— Raptop ni mtu wa kazi, alisema Sifuna.

— Raptop ni injini, mzee.

Mmoja, Mbukusu anayejua kwamba L humponyoka pale pa R, aliweka R kwa tahadhari; mwingine alisema hivyo kwa ulimi wa mama yake Mkikuyu. Walifika mahali pamoja kwa njia mbili na wakaelewana vizuri kabisa.

— Hiyo i saba ni silinda, Thuo akaendelea. — Silinda saba. Hiyo ingine ni silinda tatu, kama tuktuk. Wewe unataka kupanda milima ya Lugulu na tuktuk?

— Gari gani iko na silinda saba? aliuliza Levi.

— Si ndio maana hujawahi kuiona kwa barabara. Ziliisha zote kwa kompyuta.

Jentrix akamwongezea kahawa bila kuombwa, kama mtu anayeweka kuni.

— Na shika hii nyeusi, Visa, alisema Thuo. — Shika. Unasikia kilo? Hii kitu ilikuwa ya Uingereza. Hiyo ilitumiwa na mama mmoja tu mzungu, mwalimu, anaandika barua moja Jumapili akitoka kanisa, anafunga.

— Umemjulia wapi huyo mama?

— Gari zote za kutoka huko ni zake.

— Mimi naangalia joto, alisema Jentrix. — Mashine ya kazi lazima ichome. Si paka wangu huzalia nyuma ya Posho kila mwaka? Hii nyembamba paka atalala wapi? Haina mahali pa kutoa joto, kwa hivyo haina joto, kwa hivyo haifanyi kazi.

— Jentrix amesema, alisema Sifuna.

— Mimi Doha nililinda stoo ya laptop miezi kumi na moja, Levi alijitetea. — Hizi nyembamba zilikuwa zinalindwa na watu wawili. Nene nilikuwa nalinda peke yangu, na nilikuwa nalala.

— Kwa hivyo nyembamba ni bora?

— Ndivyo nilidhani.

— Ama ni nyepesi kuiba, alisema Thuo. — Miezi kumi na moja, Visa, hukufungua hata moja?

— Ningefungua, ningekuwa na miezi miwili.

Simu ya Levi ikalia. Ilikuwa Nyongesa. Benchi likainama upande wake ili kusikia vizuri.

“Kesho saa nne tumekaa?” sauti iliuliza.

“Tumekaa.”

“Na kompyuta?”

Levi alizitazama zile mbili. “Iko hapa karibu yangu,” akasema, na hakuwa amedanganya. Alikata simu. Aliwaza sebule ya Lugulu, wazee kwenye makochi yenye vitambaa, macho yote kwa kioo kimoja, na kile kiduara cha kusubiri kinazunguka, kinazunguka, na mtu mmoja huko nyuma anauliza kama huyu si ndiye yule wa kula.

— Ngoja, alisema Sifuna polepole, na kila mtu akajua kesi imepata ushahidi mpya. — Malika yetu Wabukusu ni mangapi?

— Manane, alisema Levi.

— Yakiisha?

— Yanaanza tena. Rika la Kolongolo la kitambo lilirudi.

— Babu yangu Kolongolo, mjukuu wangu Kolongolo. Sasa kumi na tatu, toa nane.

Thuo akahesabu kwa vidole. — Tano.

— Hiyo kitu si ya kumi na tatu. Hiyo ni ya tano, imezunguka ikarudi. Na ya tano iko mbele ya ya sita.

Thuo alihesabu tena vidole vyake, akakuta ni hivyo hivyo.

— Kwa hivyo nichukue hii nyembamba? aliuliza Levi.

— Sijasema hivyo. Hiyo ni kitu imekufa ikarudi. Wewe unaenda kwa matanga. Utaingia kwa matanga na kitu imetoka huko?

Levi alishika kichwa. Ilikuwa saa tano na nusu na alikuwa amekunywa vikombe vinne, na alijua kuhusu laptop kidogo kuliko alivyojua saa nne na nusu. Akawa amenyoosha mkono kuichukua ile nyeusi, kwa heshima tu, ili yaishe.

Wakati huo mama mmoja alikuja akiruka madimbwi, faili kwapani. Alikuwa mwalimu mgeni katika sekondari ya hapo, mtu wa Taita, aliyeripoti wiki iliyotangulia kufundisha Kiswahili, na alikuwa akimtafuta Levi amchapie fomu.

— Hamjambo?

Benchi lilikaa wima. — Hatujambo, mwalimu.

— Naitwa Nyambu. Nimeambiwa nimwulizie bwana Levi.

— Ndiye huyu, alisema Thuo. — Keti kwanza. Anachagua raptop, akimaliza ndio ako na akili. Si upande huo, mwalimu, huo umeregea.

Nyambu aliketi katikati, akapewa kikombe, akaelezwa kesi nzima: Posho, Ndalu, Lugulu, silinda, marika, paka. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Kisha akaziangalia zile laptop, zilizokuwa bado zimefungwa.

— Samahani, akasema. — Mmeziwasha?

Sifuna alimtazama Thuo. Thuo alimtazama Jentrix. Jentrix akachunguza kifuniko cha birika.

— Kuwasha? aliuliza Thuo, kama mtu aliyeulizwa kama ameonja sabuni.

— Ndiyo. Uifungue kazi yako kwa hii, halafu kwa hii. Kazi yenyewe iko wapi?

Flashi ikaacha kugonga ubao. Levi aliiangalia mkononi mwake kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeiweka hapo.

Kipimo kilitolewa na Jentrix, kwa sababu saa ya Thuo ilikuwa imesimama tangu Pasaka. Yeye angemimina kahawa, polepole, mkono mmoja, na wangeona, kama alivyosema, faili linafunguka kikombe kikiwa wapi. Walianza na Posho. Levi aliingia kibandani, akachomeka flashi, akapaza sauti, “Sasa.” Kikombe kilipofika nusu, akapaza tena, “Imefungua.” Kikombe hicho kilipewa Jaji.

Ikaja ile nyeusi. Levi aliiweka kwenye magoti, akabonyeza. Jentrix akamimina. Kikombe kikajaa. Akamimina cha pili. Kikajaa. Kwenye kioo uso wa Mama Phelista ulitokea kuanzia kilembani, mstari kwa mstari, ukasimama puani.

— Anafikiri, alisema Sifuna. — Wazee hawakimbii.

— Kweri, alisema Thuo, lakini kwa sauti ya chini.

Kikombe cha tatu kilifika nusu ndipo mama akapata kidevu.

Kisha ile nyembamba ikawashwa. Jentrix aliinamisha birika, na kabla kahawa haijafunika sehemu ya chini ya kikombe, picha zote sitini zilikuwa zimesimama, kutoka ubatizo mpaka kustaafu. Levi akateremka ukurasa wa nane, akarudi wa kwanza, akaongeza picha, akaitoa. Haikuhema hata kidogo. Jentrix aliendelea kuinamisha birika kwa mshangao, mpaka likatoa tone moja na kukauka.

— Kahawa imeisha, alisema.

Kibe aliwakuta hivyo hivyo, saa sita kamili, vikombe vimejaa kila mahali na hakuna anayekunywa.

— Mbona hii ya kizazi cha sita imeshindwa na ni i7? Levi alimwuliza. — Posho pia ni i7, na ni ya nne.

— I7 ya laptop si i7 ya desktop, alisema Kibe akishusha begi. — Hesabu kori. Kori ni kama mafundi ndani ya karakana. Posho iko na mafundi wanne. Hii nyeusi ni wawili tu. Angalia namba yake, mwisho iko na U, maana yake hao wawili wanafanya kazi polepole ili betri ikae. Hii mpya pia iko na U, lakini ni mafundi sita, na ni wa kisasa. Kwa kazi yako inafikia Posho, inapita.

— Na hukusema asubuhi?

— Nilikuta Jaji ameshafungua mdomo.

Sifuna alikunywa kidogo. — Hata mimi nilisema iko mbele, akasema. — Kumi na tatu toa nane.

Levi akamwambia Kibe aondoke na nyeusi. Roho yake ilitua kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Alijiona kesho, amekaa kwenye sebule ya Lugulu, wazee wakisema badilisha hapa, naye anabadilisha, wakisema toa yule shemeji, naye anamtoa. Ndalu ilikuwa makosa ya kinu kisichotembea. Sasa kinu kimepata miguu.

Nyambu alikuwa ameegemea upande wake, kikombe mkononi, akisoma kioo kama mwalimu yeyote anavyosoma karatasi iliyo wazi mbele yake.

— Marehemu ni mama? akauliza.

— Ni mama, alisema Levi. — Mkunga. Ndiye alinizalisha.

— Mbona hapa ni dume?

Levi aliinama akasoma, kwa sauti: “Mama Phelista alikuwa fahali ya ukoo mzima, na popote alipopita watu walisimama wakamtazama.”

— Iko shida gani? aliuliza Sifuna. — Si alikuwa fahali yao?

— Fahali ni ng'ombe dume, mzee. Mmetaka kusema fahari.

— Si ndio hiyo, alisema Sifuna. — Fahali.

— Fahari, alisema Nyambu.

— Mwarimu anasema kitu moja na sisi, alisema Thuo. — Fahari.

— Hapo umesema sawa, Bwana Thuo.

— Na hapo kwanza sikusema sawa? Thuo akauliza.

Levi aliangalia mkono wake, kisha mashine mpya, kisha kibanda kilichokuwa kikinguruma nyuma yake bila hatia. Nyongesa alikuwa amesoma kwa simu, na yeye Levi alikuwa ameandika kama alivyosikia, na sikio lenyewe lilikuwa limezaliwa Lugulu, mikononi mwa huyo huyo mama. Kesho wazee wangesoma neno kwa neno, wote wa huko huko, na wote wangepita juu ya hilo fahali wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Jumamosi angesimama tena kando ya jeneza.

— Mwalimu, alisema, kidole kikiwa juu ya vibonye. — Naweka gani?

— R.

— R ya nini?

— R ya raptop, alisema Thuo.

Nyambu akaacha kumsahihisha. — Hiyo hiyo, akasema.

Levi akabonyeza. Herufi ikabadilika mara moja, na Mama Phelista akawa mtu tena. Levi hakuondoa macho kwenye kioo.

— Kuna kurasa saba zingine, akasema kwa sauti ndogo. — Una darasa mchana?

— Saa nane.

Thuo akasogea, Sifuna akasogea, ubao ukalia, na mwalimu akapewa mahali pa kuiweka laptop magotini. Jentrix aliwatazama kidogo. Kisha akaokota birika tupu, akalitikisa, akaelekea kwa mtungi wa maji.

— Huyo mama ndiye alinizalishia mtoto wangu Ivy, akasema. — Someni polepole.